Otso Akicheka

Nyumbani kwetu Kemi utani ulipigwa marufuku
mwaka ule mdogo wangu alipotimiza miaka kumi na mitatu.

Kwanza walimwita mvivu.
Mwalimu Hietala aliandika kwenye daftari:
*Analala darasani. Mlazeni mapema.*
Mama akamlaza saa mbili, akashusha mapazia meusi,
maana mwezi Juni jua la kwetu halijui kuaga,
linakaa upeoni kama mgeni aliyekwisha kula
na bado anakitazama chungu.

Otso akalala. Kulala hakukumshinda.
Alilala uso ukiwa juu ya supu ya samaki.
Alilala akiendesha baiskeli, akazindukia mtaroni
na nyasi mdomoni.
Ungesema ni usingizi wa pono,
lakini pono hupumzika;
Otso aliamka amechoka kuliko alivyolala,
na usiku wa manane, watu wote wakikoroma,
yeye macho kodo.

Kisha Baba akasimulia kisa cha jirani
aliyepaka sakafu rangi kuanzia mlangoni
hadi akajifungia pembeni na ndoo yake.
Otso akacheka.
Magoti yakamwacha kwanza,
kidevu kikafuata,
akadondoka kama taulo bichi kutoka kwenye msumari.
Macho wazi.
Tulimpigia kelele, tukammwagia maji.
Baada ya dakika moja akasema,
"Niliwasikia. Niliwasikia wote.
Mwili ndio haukuwa wangu."

Oulu, Daktari Kurkela alichora nyuma ya bahasha.
Adenosini, alisema, ni vumbi la kuwa macho:
kila saa huongeza chembe, hadi kope zinalemewa,
na kahawa yenu hailifagii, inawaziba macho tu msilione.
Melatonini hupiga mbiu kwamba giza limeingia;
kupiga mbiu si kumlaza mtu.
Halafu kalamu ikasimama, ikatia nukta moja
ndani kabisa, chini ya ubongo.
Hapa hukaa seli chache zinazotoa oreksini.
Hizi ndizo zinazoushikilia mlango
kati ya kuwa macho na kuota.
Za Otso zimekufa.
Nani kaziua? Pengine askari wa mwili wake mwenyewe,
baada ya homa. Hatujui kwa hakika.

Mlango upo, bawabu hayupo.
Ule ulegevu tuliopewa usiku
tusije tukarusha mateke ndotoni
huingia mchana kweupe, bila kubisha hodi,
na kicheko ndicho kinachoufungulia.

Tukarudi na dawa, na hofu.
Mama akazima redio kila vichekesho vilipoanza.
Baba akajifunza kuongea kama fomu ya kodi.
Siku zote Mama hutega kengele saa nane za usiku
ampe Otso dozi ya pili:
anamwamsha mgonjwa wa usingizi
ili alale.
Jambo hilo linachekesha.
Hakuna aliyecheka.

Mpaka jioni moja ya Novemba,
giza tangu saa tisa alasiri,
nikamkuta amekaa peke yake, mzima, macho makavu,
akiangalia ukuta kama mtu anayesubiri kuitwa jina.
"Aune," akaniambia, "mmenizika mapema."

Nikaburuta godoro hadi sebuleni.
Nikamkalisha katikati.
Nikamsimulia ya Mwalimu Hietala
aliyesinzia kwenye mkutano wa wazazi
akiwa anazungumzia nidhamu,
wigi likamtelemka taratibu hadi kwenye kikombe.

Otso akaenda.
Shingo, mabega, mikono, vyote vikamiminika godoroni,
kicheko kimekwama kifuani kama gari kwenye theluji.
Nikajilaza ubavuni pake, nikahesabu.
Thelathini. Hamsini.
Macho yake yaling'aa muda wote;
huko ndani alikuwa bado anacheka, niliona.

Sabini na mbili, kidole kikacheza.
Ulimi ukarudi kazini.

"Rudia pale pa kikombe," akasema.
"Sikumaliza."